Wireless Set No. 19: nianzie wapi kabla ya kuiwasha?

Mtegasikio: Ndugu wanaridhaa wa redio, salaam. Nimepata Wireless Set No. 19 Mk III, redio ya vifaru ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye maandishi ya Kiingereza na ya Kirusi usoni. Vali zote (zile taa za kioo zinazokuza mawimbi) zipo na sioni dalili ya kuungua, ingawa ndani inanukia nta iliyoyeyuka. Ninayo betri ya volti 12. Je, niiunganishe nione kama itaamka, au kuna la kutangulia? Nia yangu ni kuzungumza nayo hewani kwenye megaherti 7, si kuiweka kabatini.

FundiVali: Hongera kwa kuipata, lakini tafadhali usiiunganishe na betri hiyo. Katika sanduku lake la umeme mna dinamota, ambazo huzigeuza volti 12 zako kuwa volti 275 za kipokezi na takriban volti 500 za kisambazi, nazo hazipandi taratibu: zikishazunguka, umeme wote huingia kwa mkupuo kwenye kapasita, yaani vihifadhi chaji, zilizolala kwa miongo kadhaa. Kapasita za karatasi na nta hunyonya unyevu na kuvuja. Ile inayopeleka sauti kwenye gridi (waya wa ndani unaodhibiti mkondo) ya vali ya mwisho ndiyo ninayoiogopa zaidi, kwa sababu ikivuja, gridi hupata volti chanya, vali hupitisha mkondo kupita kiasi, na transfoma ya sauti, ambayo ni adimu, huungua. Tenga dinamota, washa nyuzi za kupasha vali joto peke yake, kisha leta umeme wa juu wa kipokezi (badala ya zile volti 275) kutoka kwenye chanzo kinachorekebishika, ukianzia volti 50, huku multimita ikiwa kwenye gridi hiyo.

NtaNaShaba: Naunga mkono. Langu ni moja: usibadilishe kapasita zote kwa pamoja, kama wafanyavyo wengi. Badilisha moja, pima, endelea. Ukikosea kulehemu mahali pamoja kati ya thelathini, utapatafuta wiki nzima. Za mika ziache, kwani huvumilia umri. Magamba ya zile za nta usiyatupe: yapashe moto polepole, utumbo utatoka, na kapasita mpya itaingia ndani, kisha uzibe ncha kwa nta ileile. Atakayeifungua redio hiyo baada yetu anastahili kuiona ilivyotoka kiwandani, ila mwekee ndani karatasi ya kumweleza ulichobadilisha.

Mtegasikio: Ahsanteni sana. Umeme wa juu ulipofika volti 150, gridi ilisoma volti 11 chanya. Nilipokata mguu mmoja wa kapasita ile, ikashuka hadi sifuri. Mpya sasa imo ndani ya gamba la zamani, na jana usiku nilisikia Morse kwenye megaherti 7, mlio ukiyumba mpaka vali zilipopata joto. Je, naweza kugusa upande wa kusambaza?

FundiVali: Unaweza, mradi leseni yako iko hai. Kofia iliyo juu ya vali ya 807, ile ya kusambaza, ni anodi yake (ncha ya umeme wa juu), nayo hubeba hizo volti 500. Kwa hiyo zima, subiri, kisha maliza chaji ya kapasita kwa rezista yenye mpini usiopitisha umeme kabla mkono haujaingia. Jaribu kwanza kwenye antena bandia, yaani rezista inayomeza nguvu bila kuirusha hewani. Kati ya seti mbili zilizomo ndani yake, ile ya B, iliyo karibu na megaherti 235, usiirushe hewani kabisa, kwani haimo katika bendi zetu; seti ya A, ya megaherti 2 hadi 8, inakutosha. Iache iwake nusu saa, kisha linganisha masafa yake na kipokezi cha kisasa kabla hujaita.