Tupeane uzoefu: vazi la igizo la shule lililokutoa jasho

Mama Simba wa Makorora

Wadau, leo asubuhi nimepanda stuli kutafuta chandarua juu ya kabati, mkono ukagusa manyoya. Nikapiga ukelele nikajua panya. Kumbe ni simba wangu wa mwaka 2017, amejikunja na vumbi lake.

Wenye watoto mnaijua ile karatasi. Mtoto anaitoa kwenye begi Jumanne usiku, vyombo umeshaosha, miguu umeshanyoosha: "Mzazi, mwanao atakuwa SIMBA siku ya mahafali, Ijumaa. Aje na vazi lake." Basi. Simba wa namna gani, hakuna maelezo.

Nikaenda kwa fundi mmoja Ngamiani, hapa hapa Tanga, akanitajia elfu 35. Nikamuuliza, huyu simba atazaa? Nikarudi nyumbani nikatoa cherehani cha marehemu mama, kile cha kuzungusha kwa mkono. Jirani ana nduguye korona, yaani kiwanda cha mkonge, akaniletea furushi la singa za mkonge, nyeupe pee. Nikazichemsha na binzari pakiti 6, zikatoka manjano, mwenyewe nikajisifu. Nikazishona shada kwa shada kuzunguka kofia ya sweta.

Siku yenyewe jua la saa saba, jukwaa ni meza za darasa zimeunganishwa uwanjani. Jasho likaanza, na binzari ikaanza. Simba wangu akawa anatiririka manjano mpaka kwenye kope. Sungura aliyetakiwa kukamatwa alikuwa na shati jeupe. Alipoachiwa, shati limekuwa wali wa pilau ya mgonjwa. Halafu singa zinawasha! Badala ya kunguruma mtoto anajikuna shingo kwa mikono miwili. Nyuma yangu mama mmoja akamwambia mwenzake, "Lakini mbona wamemtoa simba ana upele?"

Sikusema kama ni wangu. Mwenye lake aseme.

Kijana wa Sahare

Singa! Darasa la 5 nilivishwa ndevu za mkonge nikawa babu. Mpaka leo kidevu upande wa kushoto hakijaota kitu.

Fundi wa Barabara ya 12

Dada, pole, lakini elfu 35 si ghali. Simba mzima ni mita 3 za kitambaa, lastiki, zipu, mkia, masikio, na siku mbili sijashona sare ya mtu. Na singa hazishonwi bila bitana. Weka bafta ndani, mbili kama zipo, mtoto asikutane na mkonge ana kwa ana. Binzari ni ya mchuzi. Nenda kwa wanaosuka mikeka uwaombe rangi wanayochovyea ukindu.

Jingine: mkikata vazi la mtoto acheni inchi mbili za mshono. Akivaa juu ya sare haibani, na mwakani unafumua unampa mdogo wake.

Mzazi wa Mwanzange

Fundi kaja na bei. Aseme basi na ile "njoo kesho" yao. Nililipia vazi la malaika wiki mbili kabla. Siku ya igizo nafika, bado ni kitambaa, na juu ya kitambaa kuna sahani ya chapati.

Fundi wa Barabara ya 12

Huyo hakuwa fundi, alikuwa mla chapati.

Mzazi wa Mwanzange

Ni wewe ndugu yangu, au ni jirani yako wa barabara hiyo hiyo. Nimekutambua kwa inchi mbili.

Mzee wa Bandarini

Nyie mnazungumzia simba. Mimi nilishona mamba.

Mke wangu alikwenda msibani Lushoto, akaniacha na mtoto wa darasa la 4 na karatasi. Igizo lilikuwa la jinsi mkonge ulivyofika Tanga. Habari mnaijua: mwaka 1893, Mjerumani Hindorf, miche 1,000 imeagizwa kutoka Florida, Marekani, iliyofika hapa ikiwa hai ni 62. Wazee wa mashambani wanaongeza chumvi kwamba miche ilipitishwa kwa siri tumboni mwa mamba aliyekaushwa. Mwalimu akaipenda hiyo chumvi. Akataka mamba, tena mwenye tumbo la kufunguka.

Cherehani sikijui. Lakini baba alikuwa mshona magunia kwenye mashamba ya mkonge Muheza, na shazia, ile sindano ya magunia, nimeishika kabla ya kalamu. Nikanunua magunia manne Mgandini. Magamba nikatumia vifuniko vya soda, mia mbili na ushei, nimevitoboa kwa msumari kimoja kimoja barazani, watu wakipita wananiuliza kama ni uganga. Macho, vifuu viwili. Meno nimekata kindoo cheupe cha mafuta. Zipu ya tumbo nimeing'oa kwenye begi la safari la mke wangu, na hiyo ni kesi nyingine ambayo haijaisha. Miche 62 ikawa vitunguu majani.

Kosa langu moja: sikuuliza magunia yalibeba nini. Yalibeba uono, vile vidagaa vya baharini.

Nyumbani sikusikia harufu kwa sababu nilikuwa nalala nayo. Asubuhi tunashuka kwenye bajaji na mamba wetu, nyuma naona paka. Mmoja. Tunafika getini, watano. Mwalimu wa zamu akaniuliza kama hao nao wamo kwenye igizo.

Mamba alikuwa wa watoto wawili. Mbele mtoto wa jirani, nyuma mwanangu. Wakapanda vizuri, magamba yanalia chwa chwa chwa, watu wakapiga makofi, na mimi shingo ikarefuka. Hindorf akaja, mtoto mwembamba, kofia ya makuti, sanduku mkononi. Akasema maneno yake. Akashika zipu. Ikafunguka kidogo, ikauma gunia, ikakwama.

Akavuta. Mamba akasogea naye. Akavuta tena. Uwanja kimya. Kutoka tumboni sauti ikatoka, na spika iko karibu: "Vuta kwa chini! Baba kaweka pini!"

Hapo ndipo paka mkubwa, wa rangi mbili, alipopanda jukwaani na kuuma mkia. Mwanangu ndiye aliyekuwa mkiani. Akajua ni mamba wa kweli, sijui, akaanza kupiga mayowe na kurusha mateke humo ndani, wa mbele anakwenda kulia, wa nyuma anakwenda kushoto, mamba akawa herufi S.

Nilikuwa na ovaroli ya kazini na mkasi mfukoni. Sikufikiri. Nikapanda, nikamfukuza paka, nikapasua tumbo kuanzia kifuani hadi mkiani. Vitunguu vikamwagika. Mshereheshaji naye hakukosa la kusema: "Na sasa anaingia daktari wa mifugo!" Mgeni rasmi akasimama kupiga makofi, akidhani ndivyo ilivyoandikwa. Katikati ya makofi mwanangu akachomoza kichwa, machozi na vifuniko vya soda usoni, akasema kwa sauti ya kwaya: "Baba, umenikata kaptura!"

Siku mbili hakunisemesha. Nilimpikia chipsi mayai, akala, lakini hakunisemesha.

Kijana wa Sahare

Nipo kwenye daladala nacheka peke yangu, konda ananiangalia kama sijalipa.

Mjukuu wa Barabara ya 4

Mimi nina dogo tu. Mwanangu aliigiza bibi harusi, mwalimu akasema avae khanga nyekundu. Nikafungua sanduku la bibi aliyenilea, nikakuta khanga nyekundu, nyeusi na nyeupe, imekunjwa na asumini zilizokauka. Nikaikata. Nikaifanyia na ushungi, nikapiga pindo kwa mkono, mishono midogo ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha.

Ilikuwa kisutu chake cha harusi. Nilikijua kisutu kwa jina, sikukijua kwa macho. Alikaa mstari wa mbele na fimbo yake. Nilimwona anavyoitambua. Mtoto alipopita akanyoosha mkono akaishika ncha, akaipapasa pindo, akaiachia. Njiani kurudi akaniambia, "Mshono umenyooka." Hakusema lingine, wala mimi.

Mama Simba wa Makorora

Mzee wa Bandarini, nina swali moja tu. Paka alipata uono?

Mzee wa Bandarini

Alipata gunia. Lilikuwa tupu kama ahadi ya fundi.

Fundi wa Barabara ya 12

Nimeingizwa tena.

Mwalimu wa Pongwe

Naomba niseme kwa upande wa pili. Karatasi zile mimi ni mmoja wa wanaoziandika. Mnadhani tunapenda Jumanne? Kikao kinakaa Jumatatu, mwanafunzi aliyepangwa simba mwezi mzima anahama au anaumwa mabusha ya shavu, ratiba imebanwa, fungu la mavazi halipo, na kuna mzazi anadai mwanawe asiwe fisi kwa sababu ya jina la ukoo. Mimi binafsi nimeshashonea watoto 11 usiku mmoja, umeme umekatika, kwa taa ya simu niliyoing'ata mdomoni.

Na hilo la mamba, tafadhali, watoto waambiwe ni hekaya. Hizo hesabu za miche ndizo za kushika.

Mzazi wa Mwanzange

Mwalimu, mabusha ya shavu ndiyo nini? Sema matumbwitumbwi.

Mwalimu wa Pongwe

Hayo hayo.

Mpangani Asilia

Sisi tulicheza vita vya Abushiri. Nilishonewa sare ya Mjerumani kwa shuka la hospitali, kofia ni bakuli la plastiki limepakwa chokaa. Abushiri alivaa joho la babu yake, kilemba, na jambia la mbao. Tukapendeza. Mwisho akanyongwa Pangani kama ilivyokuwa, kwa heshima, mtoto aliinamisha kichwa tu na ngoma ikanyamaza. Kamba hatukutumia na nawaomba nanyi msitumie.

Wa Dunda, Bagamoyo

Abushiri alinyongwa Bagamoyo. Mahali penyewe papo, karibu na bahari, pana alama.

Mpangani Asilia

Pana alama ya pahali Wajerumani walipokuwa wakinyongea watu, sikatai. Abushiri bin Salim amenyongwa Pangani, tarehe 15 Desemba 1889. Bagamoyo mna Kaole, mna Chuo cha Sanaa, mna mji mkongwe. Tuachieni hata maiti yetu.

Wa Dunda, Bagamoyo

Hahaha, chukueni. Lakini mavazi yenu bado ni ya bakuli. Huku jirani zetu wa chuo wanatuonyesha: kofia unachukua puto, unabandika magazeti tabaka 5 kwa uji wa ngano, unakausha juani siku mbili, unapasua puto. Nyepesi, mtoto hatoki jasho.

Kijana wa Sahare

Siku mbili za jua na karatasi imekuja Jumanne. Tumia supa gluu.

Mama Pacha

USITUMIE supa gluu. Nilibandika masikio ya sungura, nikabandika na kidole changu. Nimekwenda shuleni nimeshikana na sungura.

Fundi wa Barabara ya 12

Uzi na sindano. Gundi ni ya viatu.

Mama Pacha

Na lastiki ya kiunoni pimeni mtoto akiwa ameshiba. Wangu alipimwa asubuhi, akaigiza baada ya ubwabwa.

Mzazi wa Mwanzange

Mimi nasema afadhali asishibe kabisa, ale baada ya igizo.

Fatuma wa Raskazone

Nimerudi juu kusoma tena ya kisutu. Mjukuu wa Barabara ya 4, kipande kilichobaki unacho?

Mjukuu wa Barabara ya 4

Ninacho. Nimekirudisha sandukuni. Asumini nimetia mpya.

Mama Simba wa Makorora

Jamani. Hamtaamini. Mdogo wake simba kaingia sasa hivi kutoka shule, kafungua begi. Karatasi. "Mzazi, mwanao atakuwa PWEZA." Ijumaa.

Mikono minane!

Mwalimu wa Pongwe

Si shule yangu.

Fundi wa Barabara ya 12

Soksi ndefu nne, zikate katikati zipate nane, zijaze sponji ya godoro bovu. Elfu 40, na bitana.

Kijana wa Sahare

Pweza ana supu nzuri, mwambie mwalimu.

Mzee wa Bandarini

Dada, shazia ninayo na nafasi ninayo. Magunia safari hii nayafua mwenyewe. Zipu sitaki kusikia.