"Toleo la kwanza" langu ni kitabu cha klabu, na muuzaji ananiambia nitulie

Wakuu, nimekasirika hadi mikono inatetemeka, kwa hiyo nikikosea tahajia mnivumilie.

Nimenunua Dune, riwaya ya sayansi ya kubuni ya Frank Herbert. Tangazo lilipiga kelele kwa herufi kubwa: TOLEO LA KWANZA, CHILTON, 1965. Chilton ndio wachapishaji wake wa kwanza. Kabla ya kulipa nikamuuliza muuzaji, tena kwa maandishi: ndugu, bei ipo kwenye pindo la jalada, ile sehemu ya jalada la karatasi inayokunjwa ndani? Akajibu ilikatwa na mwenyewe wa kwanza kwa sababu kitabu kilikuwa zawadi. Nikamwamini. Watu hukata bei kweli wanapotoa kitabu zawadi, ndiyo maana uongo wake ulipita kirahisi.

Kimefika. Kukishika tu, moyo ukakataa. Chapa ya kwanza ya Chilton imevikwa kitambaa cha buluu, maandishi ya mgongoni ni meupe, na jalada lake la karatasi lina bei ya dola 5.95. Hiki changu ni kadibodi tupu, karatasi nyembamba, chepesi mno kwa unene wake. Nikaenda kurasa za mwisho, nikapanua pale zinapoungana na mgongo. Herufi na tarakimu ndogo zimejibanza humo. Klabu ya vitabu! Nakala za bei nafuu walizokuwa wakitumiwa wanachama kwa posta!

Najua atakayekuja kunisahihisha: wachapishaji Doubleday waliweka msimbo huo hata kwenye vitabu vyao vya dukani. Sawa. Lakini ni Doubleday haohao walioendesha klabu ya vitabu vya sayansi ya kubuni, na changu kimeandikwa Chilton. Msimbo wa Doubleday unatafuta nini humo?

Sasa sikieni lililoniuma zaidi. Pindo limekatwa pembe ya juu NA pembe ya chini. Bei hukaa juu. Chini ndipo klabu huandika kwamba hili ni toleo lake. Nani huyo alikata pembe ya chini kwa ajili ya zawadi? Nakala za klabu hazikuandikwa bei, na mkasi ulipita kuficha kwamba bei haijawahi kuwepo. Kosa langu ni kuuliza pembe moja tu.

Nilipombana akanijibu, "1965 imeandikwa pale, unataka nini tena?" Jamani! Huo ni mwaka wa hakimiliki. Kitabu kikichapwa mara ishirini, mwaka ule unabaki palepale.

Na msiniambie "angalia safu ya namba, itafute 1", yaani zile tarakimu za ukurasa wa hakimiliki zinazoonyesha ni chapa ya ngapi. Vitabu vya wakati ule havikuwa nayo kwa kawaida, na hata baadaye wachapishaji Random House kwa miaka mingi waliandika ni toleo la kwanza huku safu yao ikiishia kwenye 2. Wala jalada gumu si ushahidi: riwaya ya Neuromancer ilitoka kwanza 1984 kwa jalada laini la wachapishaji Ace, lile gumu la wachapishaji Gollancz likafuata. Wauzaji wanayajua haya yote. Wanategemea sisi tusiyajue.

Nimedai pesa yangu yote. Anasema gharama ya kukirudisha ni juu yangu. Juu yangu! Kuna aliyewahi kumbana muuzaji wa aina hii akashinda? Picha za pembe zote mbili ninazo, na ule ujumbe wake wa "zawadi" sijaufuta.