Mrejesho: E5 au E10 kwa gari la kifahari la zamani

Wakuu, niliuliza gari langu la 1986, la kabureta, nilijaze petroli ya E5 au ya E10 (zote zimechanganywa na ethanoli, aina ya alkoholi). Asanteni sana kwa majibu, nimeamua E5.

Kilichonishawishi ni mipira ya kupitishia mafuta. Fundi aliukunja mmoja mbele yangu, nyufa nyembamba zikajitokeza na petroli ikalowanisha kibano. Ethanoli huharibu mipira ya zamani isiyotengenezwa kwa ajili yake, tena huvuta maji, kwa hiyo gari likikaa muda mrefu tangi linaweza kushika kutu. E10 ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, E5 hadi 5. Mipira yote nimeibadilisha, nimeweka inayostahimili ethanoli. Oktani (kipimo cha petroli kustahimili kuwaka kabla ya wakati ndani ya injini) ni suala jingine kabisa, fuateni kitabu cha gari. Harufu ya petroli iliyokuwa ndani ya gari imekwisha, nimefurahi mno!