Nimelipa elfu 18 ili niambiwe mimi ndiye ninayevuja

Mlingoti Mmoja

Jamani, hata nguo sijabadilisha. Naandika suruali bado yachuruzika maji ya chumvi, na mkono wanitetemeka, si kwa baridi, kwa hasira.

Fundi yule. Sisemi jina, mwamjua nyote. Yule wa pale ufuoni, mwenye tezo begani kutwa kucha na hakuna aliyewahi kumwona akichonga nayo hata mwiko. Huyo huyo.

Leo kaniambia, mbele ya baraza zima, mbele ya muuza kahawa, mbele ya mpwa wangu niliyemlea mwenyewe: "Chombo chako hakivuji, mwenyewe ndiwe wavuja."

Mimi! Navuja mimi!

Mashua yangu ni ya futi 16, nilinunua Mtwapa kwa mzee aliyeacha bahari. Mkuku, uti wa chombo, mzima, mbao nzima, mataruma, yaani mbavu zake, mawili tu yameoza. Hayo nikayatoa, nikatia mapya kwa mikono yangu. Tanga nimelishona mwenyewe, vidole vikatoboka mpaka nikawa nashindwa kushika wali wa moto. Kitu kimoja tu nilimwachia fundi: kalafati, kuziba mishono ya mbao. Kwa sababu kalafati haibahatishwi. Pamba mpya, isokotwe, iloweshwe mafuta, ipigiliwe kwa patasi mshono kwa mshono, kisha chini ipakwe deheni ya chokaa na shahamu, mafuta ya mnyama. Nikampa elfu 18 taslimu. Jirani yangu alijifungua siku ile ile niliyompa pesa. Mtoto katolewa arubaini, mshono wa mwisho bado haujapigwa.

Basi leo asubuhi, kusi limetulia, twatoka Mkomani mimi na mpwa. Tumefika katikati ya mlango wa bahari, Fort Jesus hiyo twaiona ng'ambo, mtoto aniambia, "Mjomba, miguu yangu imelowa." Natazama, maji kifundoni. Nageuka kulegeza demani, kamba ya tanga, nageuka tena, maji gotini! Na ni bamvua, siku za maji makubwa, nayo yakupwa, yatuvuta nje kwenye bahari kuu. Nikatua tanga, nikashika makasia. Mtoto akumba maji kwa kopo la rangi, akumba na kulia, akumba na kulia. Wallahi samaki changu mmoja alipita katikati ya miguu yangu ametulia kama abiria aliyelipa nauli.

Tukafika upande wa Mji wa Kale kwa dua ya wazazi. Nikafunga mashua, nikamwendea vile vile nilivyo. Amekaa na kikombe chake cha kahawa tungu. Sikupiga kelele. Nikatoa salamu, nikamwambia, "Fundi, chombo kinavuja." Akanitazama toka utosini hadi unyayoni, dimbwi lishafanyika nilipokanyaga, akawageukia wenzake, akalisema lile neno.

Baraza likaanguka kwa kicheko. Mpwa wangu naye akacheka. Mtoto aliyekuwa akilia maji yako gotini, kacheka!

Nimerudi nikachokoa mshono mmoja kwa kisu. Mwajua nimetoa nini? Mfuko wa nailoni. Ile mifuko iliyopigwa marufuku tangu 2017! Kaificha miaka yote akiningoja mimi. Mshono wa pili, sponji ya godoro. Juu yake kapiga chaki, laini kama uso wa bi harusi.

Na ndiye asema navuja mimi.

Bi Demani

Pole sana kakangu. Sisi alitutilia usukani. Mwaka mzima twataka kwenda Likoni, chombo chataka Nyali.

Sinahamu

Swali moja tu. Kwa hivyo kinavuja chombo, au ni wewe?

Mlingoti Mmoja

Sinahamu, wewe ulikuwepo pale barazani, nakujua kwa maneno yako.

Mzee wa Ngama

Mwanangu, mashua ilikaa mchangani muda gani? Mbao ikikaa juani hukauka, mishono hufunguka. Chombo kikishushwa majini hufungwa kikaachwa siku mbili tatu kinywe maji, mbao zivimbe, zibanane. Hata kalafati ya fundi wa halali huvuja siku ya kwanza. Uliiacha?

Mlingoti Mmoja

Shikamoo mzee. Niliiacha usiku mmoja. Lakini hata ningeiacha mwaka, nailoni huvimba? Na lile neno je? Mbele ya mtoto!

Mzee wa Ngama

Marahaba. Usiku mmoja hautoshi. Nailoni ni dhuluma, akurudishie pesa zako. Ama lile neno, nisamehe, nimelihesabu: mizani nane kwa nane. Huyo ufundi wake uko kwingine.

Sinahamu

Subirini.

*Wamwaga njiani maji, wachuruzika ukija,*
*Fundi kapewa mtaji, pesa zako keshafuja,*
*Baraza lakuhitaji, kahawa itakungoja,*
*Chombo chako hakivuji, mwenyewe ndiwe wavuja.*

Bi Demani

Sinahamu una dhambi. Lakini vina vimekaa.

Mlingoti Mmoja

Mwatunga mashairi na mtu angalizama! Nimechokoa mshono wa tatu sasa hivi. Kipande cha kandambili. KANDAMBILI. Tena la kushoto.

Pweza wa Tudor

Kwani waona ajabu? Lamu walijenga jahazi zima kwa plastiki na kandambili zilizookotwa ufuoni, Flipflopi, likateremka hadi Zanzibar mwaka wa 2019. Labda fundi wako ndiye wa kisasa.

Bi Demani

Lile lilijengwa na mafundi wa kweli wa Lamu. Usilinganishe.

Pweza wa Tudor

Kwa hivyo Mombasa hakuna mafundi?

Bi Demani

Sikusema hivyo. Nimesema usukani wangu wataka Nyali.

Faiba Tupu

Ndiyo maana mimi niliachana na mbao. Boti ya faiba, huna pamba huna deheni.

Mzee wa Ngama

Faiba ikipasuka kwenye mwamba utaiziba na nini, mate? Mbao waweza kuitengeneza popote penye mti na nyundo.

Faiba Tupu

Mzee, sasa wanikumbusha yule aliyeniuzia dawa ya kugandisha faiba. Imegandia ndani ya kopo! Kopo lenyewe ndilo nanga yangu hivi sasa. Na ukimwendea dukani akwambia hukukoroga vizuri.

Sinahamu

Yule mwenye duka la kona? Mimi kaniuzia kamba, futi 40 kwa maneno, futi 31 kwa kupima.

Bi Demani

Hebu fungueni uzi wake huyo. Nina mengi.

Mlingoti Mmoja

Jamani. Mbele ya mtoto.

Pweza wa Tudor

Futi 31? Mimi 28.