Deni la wapagazi wa Kariakoo: bado linadaiwa au limeshakufa?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Kariakoo ya Dar na Kariokor ya Nairobi ni jina moja: Carrier Corps, wapagazi wa Mwingereza katika vita vya 1914–1918. Huko Kenya sheria ya kuwachukua kwa lazima ilitungwa 1915. Mwaka 1917 John Ainsworth, ofisa wa serikali ya kikoloni, akakabidhiwa kazi ya kukusanya watu. Bwana DC akamwagiza chifu, chifu akatuma vijana wake. Ujira ulishuka hadi rupia 5 kwa mwezi. Waliokufa wakaandikwa tu wanapita 40,000, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu: unga wa mahindi umepikwa nusunusu, kuni mbichi, mvua juu, alfajiri mzigo kichwani.

Mishahara ya marehemu ikabaki. Wakubwa wakasema wenye haki hawajulikani. Hapo ndipo ninapokwama. Serikali hiyohiyo ilijua kila boma lina vijana wangapi ilipotaka migongo yao, na 1920 ilijua kila kibanda ilipopandisha kodi kutoka rupia 5 hadi 8. Siku ya kulipa, daftari halionekani! Wazungu waliorudi vitani, wao walianza kugawiwa mashamba 1919, kwa bahati nasibu. Mimi nasema lidaiwe.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, alipwe nani? Tangaza hizo pesa leo uone vitukuu watakavyoota kama uyoga. Na tusijifanye: aliyemkamata babu wa babu yangu alikuwa chifu wetu wenyewe, na ng'ombe wa mzee wakabaki kwa chifu huyo. Mjerumani naye alibebesha watu Tanganyika nzima, mbona humtaji?

Mchangiaji wa pili:
Hapo kwa Mjerumani umejifunga, ndugu. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi lilikubali kuwalipa askari wake wa zamani. Inasimuliwa kwamba wazee walijitokeza Mwanza, wengi hawana hata kikaratasi. Basi kila mzee akapewa ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani afanye gwaride la bunduki. Mikono ikakumbuka yenyewe. Anayetaka kulipa haangushwi na karatasi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hao ni askari. Mpagazi ungempima kwa nini, kovu la bega?

Mleta mada:
Swali zuri, na ndiyo sababu sidai noti mkononi. Nairobi, Kenyatta Avenue, sanamu ya mpagazi imesimama pamoja na askari tangu 1928, na maandishi yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Kwa Kiswahili kabisa. Basi fedha ziende kwenye zahanati za wilaya zilizotoa watu, na majina yoyote yaliyobaki kwenye makabrasha yachapishwe tuyasome. Habari ya machifu nakubaliana nawe, tena iingie humohumo. Babu wa babu yako alichukuliwa wilaya gani?