Bastola ndogo isiyokwama: nianzie wapi?

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Naomba ushauri wa wenye ujuzi. Natafuta bastola ndogo ya nusu otomatiki, ya kuweka nyumbani na kwenda nayo uwanja wa shabaha. Nina viganja vidogo, na slaidi (kile kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele) ikiwa ngumu hunishinda kuvuta. Ninachoogopa kuliko vyote ni kukwama. Wengine wananiambia risasi za .380 ni laini, wengine wanasema za 9mm tu. Nishike lipi?

—

Dada, salaam. Usianze na kalibri (saizi ya risasi), anza na jinsi bastola inavyojifungua ikifyatuka. Hapo ndipo watu wengi hupotea.

Ziko aina mbili. Ya kwanza, mtutu umekazwa kwenye fremu (kiunzi cha chini chenye mpini) na haujongei. Slaidi inazuiwa na uzito wake pamoja na springi tu. Walther PPK ya mwaka 1931 ni ya namna hiyo. Kwa kuwa hakuna kufuli ya kushikanisha mtutu na slaidi, springi lazima iwe ngumu, na teke lote linakujia mkononi. Ya pili, mtutu na slaidi hushikana kwanza, hurudi pamoja kidogo, kisha mtutu unainama na kuiachia slaidi iendelee. Springi yake inaweza kuwa laini zaidi. Ndiyo maana .380 ya aina ya kwanza inaweza kukupiga teke kuliko .380 nyingine yenye kufuli, ingawa risasi ni ileile. Anayekwambia ".380 ni laini" bila kutaja aina amekupa nusu ya habari.

Halafu angalia uzito. Ruger LCP ya .380 ina takriban gramu 270 bila risasi, na mtutu wa milimita 70. SIG Sauer P365 ya 9mm, iliyotoka 2018, inakaribia gramu 500, mtutu wa milimita 79, na magazini yake fupi hubeba risasi 10. Glock 43 ya 2015 ni nyembamba lakini hubeba 6 tu. Ile nyepesi ndiyo rahisi kubeba na ngumu kufanyia mazoezi: baada ya risasi 30 kiganja kinauma, unaanza kufumba macho kabla ya kuvuta traiga, na mazoezi yanaishia hapo.

Kwa nini ndogo hukwama zaidi? Slaidi ni nyepesi, safari yake ni fupi, inaenda mbio. Magazini ina muda mchache sana wa kuinua risasi inayofuata kabla slaidi haijarudi kuisukuma. Kwenye bastola kubwa springi iliyochoka kidogo au uchafu kidogo husameheka. Kwenye ndogo hausameheki. Kwa hiyo ushauri wangu: chukua kubwa kuliko zote unazoweza kuzimudu, usichukue ndogo kuliko zote dukani. Kama haitabebwa kiunoni, hiyo ndogo kabisa ya nini?

—

Naunga mkono, ila naongeza habari ya mikono maana ndicho alichouliza dada.

Kwanza hakikisha haina risasi: toa magazini, vuta slaidi, tazama kwa macho ndani ya chemba (nyuma ya mtutu, risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe. Ndipo ushike kama unayetaka kulenga, mdomo ukielekea mahali salama. Nusu ya mbele ya kidole cha shahada ifike kwenye traiga bila mpini kuzunguka kiganjani. Ikibidi uzungushe mkono ili ufike, hiyo si saizi yako. Kidole cha mwisho kikining'inia hewani, jaribu magazini yenye kitako kirefu.

Slaidi usiivute kwa vidole viwili kama unayemenya ndizi. Ishike kwa kiganja chote juu, nyuma ya tundu la kutokea maganda, bastola ikiwa karibu na kifua na mdomo ukielekea mbele. Mkono wenye mpini usukume mbele huku wa juu ukivuta nyuma, kisha achia ghafla. Usiisindikize slaidi irudi polepole, maana risasi haitaingia vizuri. Kama bado inakushinda, zipo zilizotengenezwa makusudi zivutike kirahisi, mfano Smith & Wesson Shield EZ ya .380. Ni ndefu kidogo, lakini hilo si baya hata kidogo.

Na kifundo cha mkono kikaze. Kikilegea, fremu inarudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi haifiki mwisho wa safari, ganda linabanwa limesimama wima kwenye tundu. Watu hulaumu bastola, kumbe ni mkono. Namna ya kujua: mpe mtu mwenye mshiko imara apige kwa bastola ileile, magazini ileile, risasi zilezile. Tatizo likitoweka, umepata jibu.

—

Iliyotumika nayo isidharauliwe, lakini ikague. Ikiwa tupu, elekeza mdomo juu mahali salama, vuta slaidi sentimita moja nyuma uiachie taratibu. Ikigoma kufunga kabisa, springi imechoka au kuna uchafu. Fungua, tazama ndani ya mtutu kwa mwanga: ukiona pete nyeusi iliyojitokeza, kuna risasi iliwahi kukwama humo na nyingine ikafyatuliwa nyuma yake. Iache. Tazama kulabu ya kutolea ganda kama ncha yake imevunjika. Tazama midomo ya magazini kama imepanuka au ina ufa. Magazini ndiyo mkosaji wa kwanza katika kesi nyingi za kukwama, na ndiyo rahisi kubadilisha kuliko kitu kingine chochote. Kuwa na tatu, ziandike namba kwa rangi, ili ikikwama ujue ni namba ngapi.

—

Kwa majaribio: safisha mafuta ya kiwandani kwanza, paka tone moja kila upande wa reli za slaidi na tone moja juu ya mtutu. Usitie mafuta kwenye tundu la pini inayogonga risasi, yatashika uchafu, pini igonge kwa ulegevu. Piga risasi 200 za kawaida zenye kichwa cha mviringo, ukizungusha magazini zote. Kisha piga angalau 50 za aina ileile utakayoiweka nyumbani. Zenye shimo kichwani zina mdomo mpana na hukwaruza kwenye mteremko wa kuingilia chemba, kwa hiyo kupita kwa zile za mviringo si uthibitisho.

Kitu ambacho wengi hawakijui: ukiitoa na kuiingiza chembani risasi moja kila siku, kichwa chake hugongwa na kuzama ndani ya ganda. Nafasi ya baruti inapungua, shinikizo linapanda, hata bastola inaweza kupasuka. Risasi hiyo isimamishe mezani kando ya risasi mpya. Ikiwa fupi hata kidogo, usiifyatue kamwe.

Ukisikia mlio dhaifu, "pufu", simama hapo hapo. Huenda kichwa kimebaki mtutuni. Ukivuta traiga na isilie kabisa, subiri sekunde 30 mdomo ukielekea kwenye shabaha, ndipo utoe.

—

Jamani msisahau hadhi ya ukaazi. Walioko Marekani kwa viza ya muda, kama wanafunzi au watalii, sheria ya shirikisho inawazuia kumiliki bunduki na risasi, isipokuwa misamaha michache kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, lakini jimbo linaweza kuwa na masharti yake juu ya hayo. Nchi nyingine ni habari nyingine kabisa, uliza kabla ya kushika chochote. Na sanduku la kufuli linunuliwe siku ileile, si mwezi ujao.

—

Asanteni sana, nimeelewa. Swali moja: slaidi ikibaki wazi kidogo, kama milimita mbili hazijafunga, niigonge kwa kiganja nyuma?

—

Uwanjani usiigonge, dada. Toa magazini, vuta slaidi, toa risasi, itazame. Huenda ganda lina mbonyeo au kichwa hakikukazwa sawa. Ikitokea tena na tena, fungua bastola, toa mtutu, uusimamishe mdomo chini, dondosha risasi ndani ya chemba kwa uzito wake tu. Itoe sauti ya "tingi" ikikaa, na ukigeuza mtutu itoke yenyewe bila kuvutwa. Zikifanya hivyo risasi tano tofauti, risasi hazina kosa: safisha chemba kwa brashi, na ikiwa bado, badilisha springi ya slaidi. Zikikataa kuingia, badilisha aina ya risasi kabla ya kugusa bastola.