Mtoto wa miaka 14 akisema "nataka kukaa kwa bibi", neno lake lina uzito gani?

Wadau, naomba tulijadili hili, maana naona vikao vya ukoo vinaliamua vibaya.

Kuna binti mtaani kwetu, ana miaka 14, amelelewa na bibi mzaa mama tangu wazazi wake watengane. Sasa baba ameoa, maisha yamekaa sawa, anamtaka mwanawe. Binti anataka kubaki. Kikao kikaitwa: wajomba huku, baba na kaka zake kule, bibi kakaa mkekani. Binti akaitwa kutoka jikoni, mikono bado ina unga, akaulizwa mbele ya wote: "Haya sema, unataka kwa nani?" Akainamisha kichwa, akajibu, "Popote tu." Kikao kikaandika kwamba mtoto hana pingamizi.

Mimi hilo silikubali hata kidogo.

Upande wa baba wanasema mtoto ni wa baba, basi. Sheria haisemi hivyo. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mzazi, mlezi, hata ndugu anayemlea mtoto, kuomba mahakamani akabidhiwe malezi yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaanza na baba au mama, lakini kukiwa na mazingira ya kipekee mahakama inaweza kumpa ndugu mwingine.

Upande wa bibi nao wasishangilie mapema. Sheria hiyohiyo ya 2009 inasema ni vyema mtoto akae na wazazi wake, isipokuwa kama wanavunja haki zake mara kwa mara. Kumpenda bibi peke yake hakutoshi. Hakimu ataangalia pia malezi yasikatizwe ovyo, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, na maoni ya mtoto, mradi ameyatoa kwa uhuru.

Uhuru gani ulikuwepo pale mkekani? Mtoto anayemkwepa baba kwa sababu atanyimwa simu hafanani na anayekwepa kipigo, au mtu wa nyumba ile anayemwingilia chumbani usiku. Hayo hawezi kuyatamka mbele ya wajomba. Aulizwe na afisa ustawi wa jamii, peke yake, zaidi ya mara moja, na nyumba zote mbili zikatembelewe.

Najua wengi mtasema mahakama inavunja undugu. Sawa, anzeni ofisi ya ustawi ya halmashauri; kama mtaelewana, yaishie hapo. Ila yaandikwe. Bibi akitakiwa kusaini fomu ya upasuaji au uhamisho wa shule, ataulizwa mzazi yuko wapi. Na mtoto kukaa kwa bibi hakumfuti baba kwenye matunzo: sheria inamruhusu hata ndugu kuyadai. Bibi wangapi wanauza maandazi kulipia madaftari huku baba mtu yupo na mshahara wake?

Sasa wenye hoja tofauti mnijibu hapa: baba hana kosa lolote, mtoto kaulizwa faraghani, kasema hataki kuhama. Mngemkabidhi nani? Mimi ningemwacha kwa bibi amalize kidato cha nne, likizo aende kwa baba, na ada alipe baba.